Akiba ya Mbegu Ardhini na Maotea ya Msitu: Uchunguzi wa Maneno kwa Mfano wa Mohoro

Msitu uliokatwa hurudi kwa njia zaidi ya moja, na lugha ya Kiswahili inayo maneno ya kuzitenga njia hizo. Hata hivyo, katika maandishi mengi ya siku hizi yahusuyo misitu, njia zote hufunikwa kwa maneno mawili matatu ya jumla, kama vile "uoto wa asili" na "kuota upya". Maneno hayo hayana kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba hayamwambii msomaji mti mpya watoka wapi. Na mtu asiyejua mti mpya watoka wapi hawezi kujua kama utakuja au hautakuja.

Makala hii yakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, jinsi mbegu zinavyokaa ardhini katika misitu ya nchi za joto, hasa ya milimani, na jinsi msitu unavyojirudisha kwa mbegu hizo na kwa njia nyingine. Pili, ni maneno gani ya Kiswahili yafaayo kuyataja mambo hayo bila kumpotosha mkulima, mwanafunzi wala bwana misitu. Mfano umechukuliwa Mohoro kwa sababu mahali hapo msitu wa vilimani na msitu wa maji ya chumvi hukaribiana, nayo misitu hiyo miwili hurudi kwa kanuni zinazopingana.

Mahali penyewe

Mohoro ni mji wa kale katika Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani, upande wa kusini wa mto. Kuelekea mashariki nchi yateremka mpaka kwenye mikono ya mto na mikoko ya delta, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo katika Wilaya ya Kibiti. Kuelekea kusini na magharibi nchi yapanda mpaka vilima vya Matumbi, ulipo Msitu wa Kiwengoma. Vilima hivyo si virefu kama Uluguru wala Usambara, lakini hupata ukungu na mvua kuliko bonde lililo chini yake, na baadhi ya tabia za msitu wa milimani zaonekana huko. Kati ya vilima na mikoko pana mabonde ya mpunga, na mashamba ya mlau, yaani yale yapandwayo maji ya mafuriko yakisha kupungua.

Wenyeji wa sehemu hizi, nao ni Wandengereko, Warufiji, Wamatumbi, na Wanyagatwa wa delta, wameona mara nyingi ardhi ikiachwa na pori likiifuata. Mohoro palikuwa makao ya serikali ya Wajerumani, na hapo ndipo Kinjikitile Ngwale aliponyongwa tarehe 4 Agosti 1905, mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji. Vita hivyo na njaa iliyofuata viliacha vijiji vingi vya kusini bila watu, na pori likashika mashamba yao. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali ilianza kuwahamisha watu wa bonde la Rufiji na kuwapeleka kwenye vijiji vya nchi ya juu, na mashamba mengine ya kale yakabaki bila wenyewe.

Mahali pa namna hiyo Kiswahili huita "hame", au kwa wingi "mahame", neno lililotoka katika kitenzi "hama". Neno hili lataja tendo la watu tu. Halisemi kitu juu ya tendo la miti. Lakini mtu apitaye katika hame aweza kusoma habari mbili kwa pamoja: miembe mikubwa yamwonyesha palipokuwa na nyumba, na miti iliyoizunguka miembe hiyo yamwonyesha kwamba msitu ulirudi wenyewe bila kupandwa na mtu. Swali la elimu ya mimea ni hili: miti hiyo ilitoka wapi?

Njia nne za msitu kurudi

Miti mipya hutoka katika mojawapo ya chanzo nne.

Chanzo cha kwanza ni mbegu zilizokuwamo ardhini kabla msitu haujakatwa. Mbegu hizo zilidondoka au kuletwa na ndege miaka mingi nyuma, zikafunikwa na majani na udongo, zikakaa bila kuota kwa sababu ya giza la msitu. Miti ikikatwa au kuanguka, mwanga ukifika chini, huota.

Chanzo cha pili ni miche iliyokwisha ota na kusimama kivulini. Miche ya namna hii yaweza kukaa miaka mingi ikiwa na majani machache tu, haikui wala haifi. Mti mkubwa ukianguka, nayo huanza kupanda kwa haraka.

Chanzo cha tatu ni visiki na mizizi. Mti uliokatwa hutoa machipukizi pembeni mwa kisiki, au hutoa miti midogo kutoka katika mizizi iliyoenea chini. Mpingo, ambao wajulikana sana katika nchi ya Rufiji, una tabia zote mbili. Katika misitu ya milimani mfano mashuhuri ni mkulo, mti wa mbao nzuri uitwao na wataalamu Ocotea usambarensis, ambao hurudi zaidi kwa machipukizi ya mizizi kuliko kwa mbegu.

Chanzo cha nne ni mbegu zinazoletwa kutoka nje baada ya msitu kukatwa, kwa upepo, kwa maji, au ndani ya matumbo ya ndege, popo na wanyama. Mvule hutawanywa hivyo na popo wala matunda. Hapa jambo kubwa ni nani aletaye na aleta nini. Huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha chuo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, ulipandwa mti wa kigeni uitwao Maesopsis eminii. Hondohondo waliyapenda matunda yake, wakazibeba mbegu mpaka ndani ya msitu wa asili. Na katika nafasi nyingi palipoanguka miti ya kale, mti ulioshika mahali pake ukawa huo mgeni. Msitu ulirudi, lakini haukurudi msitu ule ule.

Kiswahili chatofautisha chanzo hizi kwa vitenzi vyake vya kawaida. "Kuota" ni kutokeza katika ardhi, nalo ni tendo la mbegu. "Kuchipua" ni kutoa kitu kipya katika mmea uliopo, nalo ni tendo la shina, tawi au kisiki; na hicho kitolewacho ni "chipukizi". Kamusi za kale zalitaja pia neno "tepukuzi", yaani chipukizi litokalo hasa shinani au mzizini mwa mti wa zamani, neno ambalo sasa halisikiki sana. Mkulima hasemi kwamba kisiki kimeota, husema kimechipua. Basi mwandishi anayeandika kwamba "msitu umeota upya", ilhali msitu huo umetoka katika visiki, amekiacha kitenzi ambacho mkulima anacho tayari.

Kwa mimea iotayo bila kupandwa lugha inalo neno jingine la thamani kubwa, nalo ni "maotea". Wakulima huliita hivyo zao litokalo katika punje zilizodondoka msimu uliopita: mpunga usiopandwa na mtu, maboga yaliyoota penye jaa. Neno hili limejengwa juu ya kauli ya kutendea ya kitenzi "ota", na lina mawazo mawili ndani yake: kwamba mmea umetoka katika mbegu, na kwamba hapana mkono wa mtu. Hakuna sababu ya kulifungia neno hilo katika shamba tu. Miti yote iliyotoka katika chanzo cha kwanza na cha nne yaweza kuitwa maotea ya msitu.

Mbegu ingojayo na mbegu ilalayo

Kwamba ardhi ina mbegu nyingi zisizoonekana ni jambo lililojulikana zamani. Charles Darwin aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1859 kwamba alichukua vijiko vitatu vya matope ya ukingoni mwa kidimbwi, akayaweka chini ya kifuniko chumbani mwake kwa muda wa miezi sita, akawa aking'oa na kuhesabu kila mmea uliotokeza. Hesabu ikafika mimea 537.

Njia hiyo ndiyo itumikayo hata leo, ila kwa utaratibu zaidi. Udongo huchimbwa msituni kwa matabaka, la juu mbali na la chini mbali. Hutandazwa katika visanduku, hunyweshewa maji, na kila mche uotao hutambuliwa na kuandikwa. Kwa njia hiyo hupatikana hesabu ya mbegu zilizo hai katika kila mita ya mraba ya ardhi, na hujulikana zimezama kina gani.

Juu ya muda wa kukaa ardhini, jaribio lililodumu kuliko mengi ni lile la W. J. Beal wa Michigan, Marekani. Mwaka 1879 alizika chupa 20 zenye mbegu za magugu ya nchi ile, ili ziwe zikifukuliwa moja moja baada ya miaka. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021, baada ya miaka 141, ilikuwa bado na mbegu za mmea wa jamii ya Verbascum zilizoota.

Lakini kukaa ardhini bila kuota kuna sababu mbili zilizo mbalimbali. Mbegu nyingine ni nzima na tayari, ila hazijapata maji, joto au mwanga. Nyingine, hata zikipata vyote hivyo, haziamki mpaka kitu fulani kizuizi kiondoke ndani yake au katika ganda lake. Mbegu za migunga, kwa mfano, zina ganda gumu lisilopitisha maji mpaka likwaruzwe, au lipite tumboni mwa mnyama.

Kwa hali hizi mbili vitenzi vya kawaida vyatosha, nayo ni "kungoja" na "kulala". Mbegu ya kwanza yangoja, ya pili imelala. Aliye macho huondoka mara apatapo anachokingojea, bali aliyelala hana budi kuamshwa kwanza. Waandishi wengine huziita zote mbili "mbegu zilizolala", na tofauti iliyo muhimu kwa mwenye kitalu ikapotea.

Mbegu nyingi ndogo za miti ya mwanga hungoja kwa namna ya ajabu. Mwaka 1952 wataalamu wa Beltsville, Marekani, walionyesha kwamba mbegu za saladi huamriwa kuota na mwanga mwekundu, na kwamba amri hiyo hufutwa na mwanga ulio upande wa pili wa wekundu, ambao jicho la mtu haliuoni vyema. Majani ya msituni huufyonza ule wa kwanza na kuupitisha wa pili. Kwa hiyo mbegu iliyo chini ya msitu hupokea kila siku habari kwamba juu bado pana majani. Na majani yakiondoka, habari hubadilika siku ile ile. Mpesi, uitwao na wataalamu Trema orientalis, ni mmoja wa miti ya Afrika itokezayo kwa wingi mahali palipofunguliwa mwanga, pamoja na miti mingine ya jamii ya Macaranga.

Je, akiba haiozi?

Hazina hii ya mbegu zilizo hai ardhini, watu wengi wamezoea kuiita "benki ya mbegu". Neno "benki" limeingia Kiswahili zamani na halina ugeni tena. Lakini katika jambo hili lina ila mbili.

Ila ya kwanza ni kwamba limekwisha tumika kwa kitu kingine. Benki ya mbegu ni nyumba ambamo mbegu za mazao hukaushwa, hutiwa baridi na kutunzwa kwa ajili ya vizazi vijavyo, kama ile ghala kubwa ya Svalbard, Norwei, iliyofunguliwa mwaka 2008. Msomaji asomaye kwamba benki ya mbegu ya wilaya fulani imeharibika hatajua kama ni paa lililovuja au ni ardhi iliyolimwa kupita kiasi. Ila ya pili ni kwamba benki ina mwenye kuweka na mwenye kutoa, na aliyeweka huchukua kile kile alichoweka. Ardhi haina tabia hiyo.

Neno "akiba" lafaa zaidi. Akiba ni kitu kilichobakizwa, na hakilazimu kuwa na mtu aliyekibakiza kwa makusudi. "Akiba ya mbegu ardhini" ni maneno yaelewekayo na kila mtu. Lakini mwenye kulitumia neno hili hana budi kuangalia methali iliyoshikamana nalo: akiba haiozi. Methali hiyo ni kweli kwa mwenye nyumba, wala si kweli daima kwa msitu.

Mwaka 1973 mtaalamu Mwingereza E. H. Roberts alizigawa mbegu mafungu mawili na kuyapa majina yenye harufu ya dini: fungu la kwanza ni mbegu zishikazo sheria, na fungu la pili ni mbegu kaidi. Zishikazo sheria hukubali kukaushwa na kuwekwa, na maisha yake huzidi kwa kadiri ya ukavu na baridi. Zilizo kaidi hufa zikikauka. Kokwa ya embe na mbegu ya fenesi ni za fungu hili. Kila mkulima ajua kwamba kokwa ya embe haiwekwi mpaka mwaka ujao.

Sasa, miti mingi mikubwa ya msitu mkomavu wa nchi za joto ina mbegu kubwa, zenye maji mengi, zisizodumu. Hudondoka, huota katika majuma machache, au huoza. Zinazodumu ardhini ni zile ndogo za miti ya mwanga, pamoja na majani na magugu. Demel Teketay, aliyechunguza misitu mikavu ya milima ya Ethiopia katika muongo wa 1990, alikuta mbegu nyingi mno ardhini, lakini kwa sehemu kubwa ni za nyasi na mimea midogo. Aina za miti zilizoonekana zilikuwa chache zikilinganishwa na zile zilizosimama juu ya udongo huo huo. Kwa maneno mengine, akiba iliyo chini si picha ya msitu ulio juu.

Hii ndiyo sababu hame la kilimani hurudi kuwa kijani upesi, na huchelewa kuwa msitu. Kijani cha kwanza hutoka katika akiba. Msitu wenyewe wategemea miche iliyosalia, visiki vilivyo hai, na mbegu ziletwazo kutoka misitu ya jirani. Shamba lililolimwa msimu mmoja na kuachwa bado lina visiki na mizizi. Lililolimwa miaka mingi mfululizo, visiki viking'olewa na moto ukipita kila kiangazi, hupoteza chanzo cha pili na cha tatu kabisa, na cha kwanza kidogo kidogo, kwa kuwa kila mbegu iotayo hufyekwa kabla haijazaa nyingine. Hubaki cha nne tu. Na hicho chataka msitu mwingine ulio karibu, na wanyama wa kuzileta mbegu.

Mikoko: msitu usio na akiba

Mtu akiteremka kutoka vilimani mpaka delta, kanuni zageuka. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 50,000 za mikoko, eneo kubwa kuliko lolote jingine la mikoko ya mahali pamoja katika pwani ya Tanzania na Kenya. Miti yake ni ya aina nane: mkoko wenyewe, msinzi, mkandaa, mchu, mpia uitwao pia mlilana, mkomafi, kikandaa na msikundazi. Kwa karne nyingi boriti za mikoko hii zilipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni na Ghuba, na magome ya mkandaa yalitumika kutengenezea ngozi.

Katika mkoko, msinzi na mkandaa, mbegu haidondoki ikiwa mbegu. Huota ingali juu ya mti. Mzizi wa kwanza hutokeza katika tunda, hurefuka na kuning'inia kama pembe ya kijani, na kwa mkoko hufikia sentimita 40 au zaidi, ndipo hudondoka. Kidondokacho ni mche. Huchoma katika matope hapo hapo, au huchukuliwa na maji, huelea kwa majuma au miezi, na hushika mizizi penye matope panapokifaa. Mchu hauonyeshi jambo hilo kwa nje, lakini mbegu yake nayo imekwisha anza kukua ndani ya tunda, na ganda lake huvuka mara ikifika majini. Mkomafi na mpia huzaa mbegu za kawaida zinazoelea, lakini nazo hazidumu ardhini miaka na miaka.

Kwa hiyo ardhi ya mikoko haina akiba ya mbegu kwa maana iliyoelezwa juu. Ukichukua udongo wake na kuunyweshea maji katika visanduku, hutapata mikoko iliyongoja au iliyolala humo. Chanzo cha kwanza hakipo.

Chanzo cha tatu kipo kwa baadhi tu. Mchu hukatwa ukachipua, na mkomafi na mpia vivyo hivyo. Lakini mkoko mkubwa ukikatwa chini, kisiki chake hakichipui. Basi mahali pa mkoko uliofyekwa wote, tumaini limo katika miche iliyokwisha simama kivulini na katika miche iletwayo na maji. Na yote miwili yataka miti mama iwe hai karibu, na maji yaende na kurudi bila kizuizi.

Hapa ndipo lugha yapata kazi. Husemwa "mwembe umezaa" kwa maana ya kwamba umetoa matunda. Katika mkoko kitenzi "zaa" hupata maana yake yote: miti mingine ni kama itagayo mayai, bali mkoko huzaa mwana aliye hai. Watu wapandao mikoko pwani husema "mbegu za mikoko" wakikusanya vile vipembe vya kijani, na kwa kazi yao wasema sawa, kwa sababu hupandwa kama mbegu. Lakini katika maandishi ya elimu neno "mbegu" kwa kitu hicho huleta wazo kwamba chaweza kuwekwa, kukaushwa na kungoja. Hakiwezi. Yafaa kiitwe "mche wa mtini", yaani mche ulioota ungali mtini, na tofauti itabaki wazi kwa kila msomaji.

Maneno na madhara yake

Jambo hili si la kamusi peke yake. Katika delta, hasa upande wa kaskazini, ambako maji matamu ya mto yameongezeka tangu miaka ya 1970, wakulima wamefyeka mikoko na kupanda mpunga. Kwa muda ardhi huzaa vyema. Kisha magugu huzidi na kaa hukata miche ya mpunga, na mkulima huliacha shamba na kufyeka jingine. Mabwana misitu nao, tangu zama za ukoloni, wameihesabu mikoko kuwa hifadhi ya serikali, na mgogoro wa shamba na msitu haujaisha.

Katika mgogoro huo husikika kauli inayoonekana kuwa ya busara: "Shamba likiachwa, msitu utarudi." Mwenye mila ya kilimo cha vilimani aisemapo asema aliloliona. Huko Matumbi shamba lililoachwa hushikwa na maotea ya akiba mwaka ule ule, na machipukizi ya visiki hufuata. Lakini kauli hiyo hiyo ikihamishiwa deltani yaweza kuwa si kweli. Mahali palipofyekwa pote, mbali na miti mama, hushikwa na kangaga na mitambaa, na miche ya mikoko ikija na maji haipati pa kuchoma. Kuacha si kurudisha. Kilimani, anayeacha shamba aiachia kazi akiba iliyomo ndani yake. Deltani, anayeacha aiachia kazi bahari na mto.

Na mto wenyewe una mambo mapya. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa juu ya mto huo huo, lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022 na kuanza kutoa umeme mwaka 2024. Aprili mwaka huo mafuriko makubwa yalizipata wilaya za Rufiji na Kibiti, Mohoro ikiwamo. Kiasi cha maji matamu na cha udongo kifikacho delta ndicho kipimo cha chumvi na cha matope, na hivyo viwili ndivyo viamuavyo ni mche gani ushike mizizi na upi uchukuliwe na maji. Msitu wenye akiba ardhini waweza kuvumilia miaka mibaya, ukangoja. Msitu usio na akiba hauna la kungojea. Kila mwaka wategemea yaliyotokea mwaka ule.

Mapendekezo ya maneno

Kwa hayo yaliyoelezwa, maneno yafuatayo yapendekezwa yatumike kwa maana moja moja.

Akiba ya mbegu ardhini: mbegu zote zilizo hai ndani ya udongo wa mahali, zisizoota bado. Neno "benki ya mbegu" liachiwe nyumba za kuhifadhia mbegu.

Mbegu ingojayo: mbegu nzima ambayo itaota mara ipatapo maji, joto au mwanga uifaao.

Mbegu ilalayo: mbegu nzima isiyoota hata ikipata hayo, mpaka kizuizi chake kiondolewe.

Mbegu kaidi: mbegu ifayo ikikauka, isiyofaa kuwekwa.

Maotea: miti au mimea iliyotoka katika mbegu bila kupandwa. Yaweza kugawanywa: maotea ya akiba, kwa yale yatokayo ardhini, na maotea ya mbegu ngeni, kwa yale yatokayo katika mbegu zilizoletwa baadaye.

Miche ya kivulini: miche iliyoota kabla msitu haujafunguka, isiyokua kwa kukosa mwanga.

Machipukizi: yatokayo katika kisiki. Matepukuzi: yatokayo katika mizizi. Kwa kuwa neno la pili limeanza kusahauliwa, ni afadhali lihuishwe kuliko kubuniwa jingine.

Mche wa mtini: mche wa mkoko, msinzi au mkandaa, ulioota ungali juu ya mti.

Kurudi kwa msitu: jina la jumla kwa njia zote pamoja. Lisitumike peke yake mahali ambapo msomaji ahitaji kujua ni njia ipi.

Hitimisho

Istilahi njema haipimwi kwa uzuri wa sauti yake wala kwa umbali wake na lugha za kigeni. Hupimwa kwa jambo moja: kama mtu akiisikia ataelewa afanye nini. Maneno "maotea", "machipukizi" na "miche" hayakubuniwa na kamati yoyote. Yalikuwa vinywani mwa wakulima kabla ya vyuo kuwapo. Kazi ya wanalugha hapa ni kuyakusanya, kuyapa mipaka, na kuyarudisha kwa wenyewe yakiwa na nguvu zaidi.

Kazi hiyo haijaisha. Lugha za Kindengereko na Kimatumbi, na usemi wa Wanyagatwa wa delta, zina majina ya miti, ya hatua za pori na ya namna za udongo, ambayo yastahili kukusanywa na wanafunzi wa lugha wakifuatana na wanafunzi wa misitu, mahali pa vilima na mahali pa mikoko. Majina ya namna hiyo hukaa katika vichwa vya wazee kama mbegu kaidi: hayadumu yakikosa mtu wa kuyapokea, wala hayana akiba ardhini ya kuyaotesha tena.